Mwiko Uliochagua Amplifaya ya Baba

Enzi zetu mtaani Malukhu, Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Mliokulia Mbale, huku Uganda, mnaijua: karanga zinasagwa, kuni mbichi zinafuka moshi, na chunguni yanalainika malewa, ile michipukizi ya mianzi inayokaushwa kwa moshi huko mlimani. Sisi watoto tulikuwa tumeshafua sare za shule na kuzianika uani, tumeteka maji, tumesugua sufuria kwa majivu mpaka unajiona uso, na sasa tuko barabarani tunacheza kwepena kwa mpira wa matambara na mifuko ya nailoni. Hakuna aliyekuwa na simu. Mama akikutaka alikuita kwa mdomo, mara moja, na ole wako alazimike kuita mara ya pili. Kijana wa leo ukimwita naye yuko chumba cha pili, anakujibu kwa meseji.

Sisi tulikuwa watu wa Kenya, wa upande wa Bungoma. Baba aliendesha lori, akibeba saruji, sabuni na mahindi kati ya Malaba, Mbale na Jinja, na alihamia Malukhu kwa sababu alichoka kulala ndani ya gari. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na kwa hilo wenzetu walitucheka, maana wao Kiswahili walikijua kwa askari tu. Wakitaka kunichokoza walijipanga njiani, mikono kwenye paji la uso, wakaniamkia, "Afande Rodha!" Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi, mwembamba kama ufito, na mguu mmoja wa kiatu ulikuwa umefungwa kwa waya. Afande gani huyo!

Siku moja Baba alirudi kutoka Jinja na kitu kimefungwa turubai. Muuza mitumba aliyemuuzia alimwapia kwamba ni meza ya Wazungu ya kupigia pasi, kitambaa chake kimepotea, na zile nyuzi kumi juu yake ndizo zinazotoa moto. Baba hakubisha. Alilipa haraka akaondoka, kwa sababu alikuwa amekitambua. Lilikuwa gitaa la chuma, lile linalolia nyuma ya waimbaji wa kantri, na kila Jumapili alasiri redio ilipopiga kantri, Baba aliweka kiti chake karibu nayo na hakutaka kusemeshwa. Gitaa hilo halipakatwi. Lina miguu minne, unaketi mbele yake kama unataka kula, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa kwa kucha za chuma, miguu inakanyaga pedali tatu chini na magoti yanasukuma vyuma vingine huko huko chini ya meza. Mama alipomwona Baba kwa mara ya kwanza akihangaika nalo, viungo vyote vinne vikienda kwa wakati mmoja, aliuliza kama anacheza muziki au ameingiwa na siafu.

Alijifunza peke yake, kwa kusikiliza redio. Mimi nilikuwa nikiketi pembeni yake juu ya debe, na kwa kuwa masikio yangu yalikuwa makali, ni mimi niliyemwambia uzi upi umelegea. Nikaanza kumwomba zamu yangu, naye akanipa. Majirani walisema binti wa watu anaharibiwa. Baba aliwajibu kwamba pedali haziulizi aliyezikanyaga ni nani.

Lakini gitaa la umeme bila amplifaya ni masikitiko matupu. Baba angepiga wimbo mzima na mtu aliyesimama mlangoni asijue. Kwanza aliliunganisha na redio kaseti yetu, likatoa sauti ya mtu anayelia ndani ya pipa. Kisha akaazima amplifaya ya yule bwana aliyekuwa akizunguka mji na gari lake akitangaza misiba, mechi za mpira na chanjo za watoto. Ilikuja na spika yake ya honi, ile ya mdomo mpana kama ua la boga. Baba aliifunga juu ya lori, akaielekeza Malukhu yote, akashika maikrofoni akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Halafu akaketi akapiga.

Kabla wimbo haujaisha, uani kwetu kulikuwa na foleni ya akina mama wamebeba watoto, na kadi za chanjo mkononi. Wazee wawili wa jirani, waliposikia "moja, mbili" ile ya Kiswahili ikinguruma hewani, walikuwa wamejifungia ndani na kuzima redio zao, kwa mambo waliyoyaona kwa askari miaka ya nyuma. Mbele ya foleni alisimama Mama Nambozo, jirani yetu Mgisu, ambaye ndiye aliyemfundisha Mama kupika malewa.

"Baba Rodha, bwana," alisema, "sisi nareta watoto. Sindano iko wapi?"

"Mama Nambozo, hakuna sindano. Ni gitaa."

"Gitaa? Hii kitu naria kama ng'ombe ya kupotea!"

Uani pakalipuka kicheko. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mimi leo ninajuta, kwa sababu nilimtazama Baba nikaona amecheka kwa midomo tu. Kwa wiki kadhaa kila alikopita alisalimiwa, "Daktari, habari ya chanjo?" Alikuwa mtu mwenye kujiheshimu, na jambo hilo lilimchoma.

Ndipo dereva mwenzake wa Busiu alipomwomba apige kwenye harusi yake, mwisho wa likizo yetu ya shule. Baba alikubali, kisha jioni ile, tukiwa mezani, akatoa kauli.

"Nikikosa amplifaya ya maana kabla ya harusi hiyo, hili gitaa linarudi Jinja. Walipigie pasi."

Hakuwa anatania. Baba akisema neno mezani lilikuwa limepita. Nilishindwa kumaliza ugali wangu, na kwa enzi zile kuacha ugali kwenye sahani kulikuwa kosa la kuitiwa fimbo. Nilijua gitaa lile likienda, na ile nusu saa yangu juu ya debe kando ya Baba imekwenda nalo.

Karibu na soko alikuwepo fundi wa redio, Hajji Musa, mzee wa mjini mwenye kofia nyeupe na Kiswahili laini kisicho na haraka. Baba alikwenda nami kwake, nibebe pedali. Hajji alisikiliza kisa chote, hata cha chanjo, bila kucheka, na kwa hilo peke yake nilimpenda.

"Bwana dereva," alisema, "wewe umekuwa ukitafuta makelele. Hebu niambie. Lori lako likiwa tupu na likiwa na tani kumi, lini linalia kwenye mlima?"

"Likiwa na mzigo, Hajji."

"Basi noti ya gitaa hili ni mzigo. Ni ndefu, haikatiki upesi kama ya gitaa la kawaida. Ukiibebesha amplifaya ndogo, inaanza kulia yenyewe, inakwaruza. Tafuta yenye nguvu nyingi, kisha uitumie kidogo. Na spika iwe pana, ili zile nyuzi nyembamba zisichome masikio ya watu."

Baba alielewa papo hapo. Dereva mwambie kwa lori.

Kuanzia hapo Hajji akawa anatuazima amplifaya moja kila Jumamosi. Ila kuazima ni jambo moja na kuchagua ni jingine, na Baba alikuwa na njia yake ya kuchagua ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Hakutaka kuuliza mtu, "Unaionaje?" Alisema ukimketisha mtu akusikilize atakwambia ni nzuri, kwa adabu. Harusini watu hawakusikilizi, wanamenya ndizi, wanasengenyana, wanatafuta viti. Amplifaya nzuri ni ile itakayomfikia mtu mwenye shughuli zake. Kwa hiyo alimchagua Mama. "Mama yenu ana kazi," alituambia. "Hana muda wa kunidanganya."

Mchuzi wa karanga unaopikiwa malewa, kwa wasioujua, haupewi mgongo. Ukianza kuchemka unakorogwa mfululizo, polepole, ukiuacha kidogo tu unashika chini na chungu kizima kinanuka. Mama angekaa jikoni, kile kibanda cha uani, ametupa mgongo, anakoroga. Baba angeketi na gitaa lake kwenye mlango wa nyumba, hatua kama ishirini, apige. Kama mwiko umeendelea, amplifaya imeshindwa. Mwiko ukisimama, tumepata.

Jumamosi ya kwanza Hajji alitupa amplifaya ya ukumbi wa mikutano. Mwiko uliendelea, kra, kra, kra, ukikwangua chungu. Ya pili ilikuwa ya bendi moja ya Jinja, nzito, yenye taa nyekundu, na sisi watoto tuliisifu kwa sababu ya taa. Sauti yake ilikuwa na mchanga, na Hajji alieleza kwamba wenye bendi wanaitaka hivyo hivyo, kwa gitaa la kawaida inapendeza. Mwiko haukujali. Ya tatu na ya nne sizikumbuki vizuri, ila nakumbuka Baba alivyokuwa akiutazama mgongo wa Mama, kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu akisahihisha daftari lake. Na mimi juu ya debe nilikuwa naomba kimoyomoyo, Mungu, simamisha mwiko. Dua zangu zote za likizo ile zilikuwa za mwiko.

Ikabaki Jumamosi moja kabla ya harusi. Siku hiyo Hajji alikuja mwenyewe, na mkokoteni. Alikuwa ametuletea amplifaya ya ukumbi wa sinema uliofungwa zamani, sanduku la chuma lenye taa za kioo ndani, kama za redio za zamani, zilizowaka rangi ya chungwa, pamoja na spika pana ndani ya kabati la mbao. Baba alikuwa ameingia kutoka Malaba saa hiyo hiyo. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, hajala, macho mekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Alinawa mikono tu akaketi. Taa zile zilihitaji muda kupata moto, tukangoja.

Alipiga ubeti wa kwanza. Kra, kra, kra. Akaanza wa pili, na nikaona mabega yake yameshuka. Katikati ya ubeti huo mwiko ukasimama.

Mama hakugeuka. Aliketi vile vile, mwiko umesimama wima chunguni, na Baba aliendelea kupiga akiogopa kuacha, mpaka harufu ya karanga zilizoungua ikatufikia pale mlangoni. Ndipo aliporuka. "Tumepata! Hajji, tumepata!" Alimkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikaanguka. Tulikula malewa machungu yenye ladha ya masizi, na Baba aliongeza mara mbili.

Harusini Busiu nilisimama karibu na akina mama wanaomenya matoke, makusudi, nione. Baba alipoanza, kisu kimoja kilisimama, kisha kingine, na bibi mmoja akafuta macho kwa kitambaa chake na kuuliza nani analia vile. Hakuna aliyemwita tena Daktari. Gitaa halikurudi Jinja. Miaka yote iliyofuata Baba alipiga kwenye harusi na ibada kuanzia Tororo hadi Jinja, na hapana mgeni aliyeketi kwetu bila kusimuliwa kisa kile, Baba akimalizia daima kwa maneno yale yale: "Mimi sikuchagua amplifaya. Mwiko ndio uliochagua." Mama alikuwa akisikia hivyo anainuka kwenda kuleta chai.

Baba alitutoka mwaka jana. Amelala Busiu, kwenye kile kishamba alichokinunua kando ya mahindi ya dereva mwenzake. Kabla hajaondoka alinishika mkono akaniambia gitaa ni langu, na ibada ya kumbukumbu yake ikifika nimpigie wimbo wake, ule wa siku ya mwiko. Niliahidi. Mimi sasa ni mwalimu Jinja, nina mvi na miwani, na Mama anaishi nami. Ibada ni Jumamosi ijayo, na amplifaya ya sinema ilikwisha kufa. Niliipeleka Mbale kwenye duka la Hajji. Hajji mwenyewe alishafariki, mjukuu wake anabadilisha vioo vya simu hapo. Kijana mzuri, ana heshima, aliichungulia akaniambia, "Mama, hii ipeleke makumbusho." Zile taa za kioo hajawahi kuziona. Nilirudi Jinja nimekufa moyo, kwa sababu kumwendea Baba na sauti ya ng'ombe aliyepotea, mbele ya watu wa Busiu, ningeona heri nisiende.

Binti yangu Sharoni aliona naumia kichwa bure. Alishika simu, akasoma maoni ya watu wasiomjua walio nchi asizozijua, na jioni akaniletea kiamplifaya cha kuazima, ukubwa wa mkate. "Mama, hii inaiga amplifaya mia moja." Nikamwuliza kama ya sinema ya Mbale imo. Na msichana wa watu akatafuta kweli.

Mama alikuwa barazani, ametupa mgongo, anachambua mchele kwenye ungo. Sikumwambia kitu. Niliketi mlangoni nikapiga wimbo wa Baba kwa kile kimkate, nikiangalia mikono yake. Iliendelea, punje hii, jiwe lile, mpaka nikamaliza.

"Mama," nikasema, "mikono yako haikusimama."

Akaangua kicheko. "Rodha! Bado unaamini mambo ya mwiko?"

"Mwiko ulisimama, Mama. Mimi nilikuwepo."

"Ulisimama kwa sababu niliusimamisha." Alisema hivyo akiendelea kuchambua. "Baba yako alikuwa ametoka Malaba hajatia kitu mdomoni. Ile sufuria mliyoisugua ilikuwa imeegemea ukuta, nikaona uso wake humo. Nilijua siku hiyo akikosa, hilo gitaa analirudisha, na akilirudisha nyumba haitakalika kwa huzuni yake. Nikasema malewa yaungue."

"Na sauti? Ilikuwa nzuri?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nawaza mboga. Hiyo kantri yenu sikuwahi kuipenda."

"Na hukumwambia? Miaka yote hiyo?"

"Nimwambie nini, naye amefurahi?"

Nilikasirika, sitaficha. Niliona kama mtu amechukua kisa kizuri kuliko vyote nilivyorithi na kukitia maji. Nikaingia ndani, nikaketi kitandani, na hasira ikaisha yenyewe nilipokumbuka ile harufu ya karanga zikiungua. Mwanamke aliyefundishwa malewa na Mama Nambozo kwa taabu, mbele ya fundi mgeni, aliunguza chungu kizima kwa makusudi na kukubali kuonekana hajui kupika. Nilimpenda Mama siku hiyo kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda kabla.

Nimewaza sana tangu hapo. Vijana wetu wana bahati, nakiri. Wanachagua amplifaya, viatu, hata wachumba kwa nyota tano na maoni ya watu elfu, na mara nyingi wanapata kitu kizuri kuliko tulivyopata sisi kwa kubahatisha. Lakini maoni yale elfu hayamjui anayenunua. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kwamba hujala tangu asubuhi. Sisi tulikuwa na amplifaya za kuazima na viatu vya waya, na tulikuwa na mtu jikoni anayetuona kwenye sufuria. Hilo ndilo ninalolilia ninapolia enzi zetu.

Jana nilifuata maneno ya Hajji. Nilikwenda kwa mkodishaji wa vyombo hapa Jinja, nikaziacha zote za magitaa zenye taa na vishindo, nikachukua amplifaya ya kinanda: kubwa, yenye spika pana, yenye nguvu nyingi nitakayoitumia kidogo. Kijana wa duka alinionya kwamba hiyo si ya gitaa. Nikamwambia najua.

Mama alikuwa pale pale barazani na ungo wake. Niliketi mlangoni, nikavua viatu, nikaweka miguu kwenye pedali ambazo miguu ya Baba imezing'arisha. Sauti ilitoka safi, ndefu, haikukwaruza hata nilipoivuta mpaka mwisho. Mimi niliipenda. Ila nilipomaliza ubeti wa kwanza mikono ya Mama ilikuwa bado inaenda, na nikahisi mabega yangu yanashuka kama ya Baba. Katikati ya ubeti wa pili ikasimama. Punje moja ilikuwa bado kati ya vidole vyake, na hakugeuka.

"Tumepata!" Sharoni alipiga kelele kutoka ndani. Kisa hicho babu yake alikuwa amemsimulia pia.

Kwenye kioo cha dirisha la jiko la uani, lililomkabili Mama, niliona uso wangu, na mlango, na gitaa. Niliendelea kupiga mpaka mwisho wa wimbo. Sikumwuliza kama ni sauti au ni mimi. Baba naye, kwa miaka yote ile, hakumwuliza.